Msimamizi Aliyeamuru Ndama Wawe Weupe

Wasomaji wangu, yule msimamizi wa ng'ombe katika shamba moja la mzungu karibu na Ndanai ametutoka. Homa ilimchukua wiki iliyopita. Alitoka pande za ziwa, alivaa kofia kuukuu ya bwana wake, na maisha yake yote hakuwahi kukosea. Kama hamwamini, mngemuuliza mwenyewe.

Mzungu alipoleta fahali mweupe kutoka ng'ambo, marehemu alitangaza kwamba ng'ombe wetu wekundu watazaa ndama weupe tu. "Nyeupe ndiyo damu inayotawala," alisema. "Kwani nyinyi hamuoni nani anatawala?" Ndama wa kwanza akazaliwa na nywele nyekundu na nyeupe zimechanganyika, kama unga wa wimbi na wa mahindi katika chungu kimoja. Wa pili vivyo hivyo. Marehemu hakumlaumu fahali. Alimshika mchungaji, mzee wa Kipsigis aliyeishi hapo shambani na mkewe, watoto na mifugo yake.

"Wewe mzee, umeingiza dume yako kwa boma ya bwana!"

"Dume yangu ni nyeusi, nyapara. Sasa hiyo weusi imepotelea wapi? Ndama ameweka kwa mfuko?"

Wakamuaji waliokuwa karibu wakacheka, na kicheko hicho kikamponza mzee. Marehemu alimwambia, "Toka," naye akafukuzwa pamoja na jamaa yake yote, wakaenda kutafuta malisho upande wa Sigor. Akaletwa mchungaji asiye na hata mbuzi, ua ukaongezwa miiba, na mwaka uliofuata ndama wakatoka na rangi ileile.

Baadaye bwana wa mifugo wa serikali alitueleza. Ndama hupata fungu moja la urithi kwa mama na moja kwa baba. Kuna mambo ambamo fungu moja hulifunika jingine: moja tu la kutokuwa na pembe huzuia pembe, nazo hungoja kimya mpaka kwa wajukuu. Lakini kati ya wekundu na weupe wa ng'ombe hawa hakuna mtawala. Fungu moja la wekundu hutoa wekundu nusu; ndama mwekundu kabisa huhitaji mafungu mawili. Marehemu alisikiliza kwa heshima, kisha akasema, "Hiyo ni ng'ombe zingine. Yule mzee alileta dume."

Mazikoni kila msemaji alimsifu kwamba hakurudisha neno lake nyuma hata mara moja. Ni kweli. Nasi tunaowapenda wakubwa wa namna hiyo tukumbuke kwamba si wao wanaohama. Kukosea rangi ya ndama si dhambi. Angerudisha neno moja tu, lile la "Toka."