Kicheko cha Nyuma ya Ukuta

Juzi wajukuu zangu walikuwa sebuleni, hapa kwangu Korogwe, wakitazama mchezo mmoja wa televisheni. Ni ile michezo ya familia: baba mbishi, mama mwenye akili kumzidi, watoto watundu, na jirani asiyejua kubisha hodi. Mimi nilikuwa jikoni nachambua mchunga, sitazami, nasikia tu. Kila baada ya maneno mawili matatu watu wanacheka, na hao wanaocheka hawaonekani. Nikamuuliza mjukuu wangu mkubwa, hivi hawa wanaocheka wako wapi? Akanijibu bila kugeuka kwamba hao wamewekwa tu, Bibi, hawapo. Basi nikabaki na mboga mkononi. Kile kicheko cha watu wasioonekana kilinichukua moja kwa moja mpaka Handeni, mpaka nyuma ya ukuta wa udongo, na ninaapa nilisikia harufu ya udongo uliolowa mvua.

Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa. Kabla ya hapo kila ukoo ulikuwa na kitongoji chake. Bibi yangu, mama yake mama, alikuwa Kwemkuyu, ng'ambo ya korongo, na sisi upande wetu. Tulipohamishwa, viwanja vilipimwa kwa kamba kando ya barabara ya vumbi iendayo Korogwe, nyumba zikapangwa mistari kama mahindi. Yule mpimaji alikuwa kijana mpole, lakini hakuuliza nani mkwe wa nani. Kiwanja cha Bibi kikaangukia nyuma ya chetu, mlango wake ukitazama ukuta wetu wa nyuma.

Kwa mgeni hilo si neno. Kwetu, kwa Wazigua wa wakati ule, lilikuwa balaa. Mwanamume hali chakula mbele ya mama mkwe wake. Hapiti karibu naye bila kukohoa kwanza. Na kucheka mbele yake, kinywa wazi mpaka magego yaonekane, astaghafirullahi, afadhali apite uchi sokoni. Mama mkwe naye akimwona mkwewe njiani anajitanda kanga usoni, anageukia kichakani kana kwamba kuna kitu amekidondosha huko. Na sasa watu hawa wawili waliwekwa karibu kiasi kwamba mmoja akipiga chafya, mwenzake angeweza kumwombea afya.

Ndipo mimi nilipopata kazi. Bibi akiwa na neno kwa baba hamwambii yeye, ananiambia mimi. Nakumbuka siku baba alikuwa amesimama penye mtungi na Bibi yuko upande wa pili wa ua wa mabua, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, Mwanaidi, mwambie baba yako mbuzi wake yumo kwenye kunde zangu. Baba alisikia. Nadhani hata mbuzi alisikia. Lakini hakuna aliyenyanyua mguu mpaka nilipozunguka ua, nikamfikia baba, nikayasema maneno yale yale. Hapo ndipo akashtuka, akasema ala, mwambie bibi yako namtoa sasa hivi. Nikazunguka tena. Kwa muda mrefu niliamini kwamba watu wakikua masikio yanaanza kuziba.

Bibi hakukipenda kijiji. Kaburi la babu lilibaki Kwemkuyu, na miti yake, na kisima alichokizoea. Furushi alilokuja nalo hakulifungua. Alilisimamisha pembeni ya kitanda na kila siku alikuwa akitoa kanga moja, anarudisha nyingine, anafunga fundo. Chakula alikuwa akikigusagusa tu. Alisema mahindi yakikomaa atarudi kwake. Mama alijua huko kwake kumekuwaje: mapaa yamebomolewa, nyasi zinamfika mtu kiunoni, nguruwe wanalala palipokuwa jiko. Nilimsikia akimwambia baba, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulia, kwamba mama yake atakwenda kufia kwenye mahame. Baba aliendelea kunoa jembe lake. Alikuwa mtu wa maneno machache, nami nikadhani jambo hilo halimhusu.

Kitu kimoja tu kilikuwa kikimfungua baba kinywa, nacho ni redio. Aliinunua alipokuwa akikata mkonge huku Korogwe, akaja nayo juu ya kichwa imefungwa kwa blanketi kama mtoto mchanga. Betri zikichoka ilikuwa kazi yangu kuzianika juani. Kila Jumapili alasiri palikuwa na mchezo wa kuchekesha wa Mzee Sijaona na nyumba yake. Mzee huyo alikuwa bahili na mjuaji. Akitafutwa na mgeni anajificha, akitafuta kitu kiko mkononi mwake, na kila akiulizwa jambo anasema sijaona. Mkewe alikuwa akimpa maneno mpaka unamwonea huruma. Tulipokuwa bado kwetu kwa zamani, baba alikuwa akicheka mchezo ule mpaka anashika mbavu, anatoka nje kukohoa, anarudi kucheka tena.

Lakini tangu Bibi ahamie nyuma yetu, baba alibadilika. Ikifika saa ya Mzee Sijaona anawasha redio, anaiweka juu ya kigoda, anaisogeza uso wake uelekee ua, kisha anachukua jembe. Anasema anakwenda kufukuza ngedere shambani. Haya, tukafikiri ngedere. Mama naye alikuwa akisubiri nyayo zipotee, kisha ananituma nimwite Bibi aje kutusaidia kupukuchua mahindi. Mahindi yenyewe ya kupukuchua siku nyingine hayakuwepo.

Jumapili ya kwanza Bibi alikaa ametupa mgongo, kama mtu aliyesusa. Mzee Sijaona alikuwa amejificha ghalani kumkwepa shemeji yake aliyekuja na njaa, na kuku mwenye vifaranga akawa anamdonoa, naye hawezi kupiga kelele. Niliona mabega ya Bibi yanatikisika. Nikaogopa, nikadhani analia. Alikuwa anacheka! Alicheka huku anajifuta machozi kwa ncha ya kanga, akasema mzee huyu ni ndugu yake kabisa, ni watu wa Kwemkuyu hawa, watu wa redioni wamewajulia wapi? Siku hiyo alikula ugali na mlenda, akaomba na ukoko.

Basi ikawa hivyo. Bibi alianza kuingoja Jumapili. Siku za katikati alikuwa akiigiza sauti ya mke wa Mzee Sijaona mpaka wanawake wenzake kisimani wanaweka ndoo chini. Siku moja nikaona chungu chake cha zamani kiko jikoni, kimetoka kwenye furushi. Baadaye kinu cha kusagia ugoro kikatoka, baadaye fimbo ya babu ikaegemezwa ukutani. Mahindi yalikomaa, hakuzungumza habari za kurudi. Uso wa mama ulijaa tena, nami nilikuwa mtoto mwenye furaha isipokuwa kwa jambo moja: nilimkasirikia baba. Nilimwona amekuwa mtu mchungu, asiyetaka kukaa na sisi tunapocheka. Na hao ngedere wake! Mahindi ya majirani wote yalipona, yetu peke yake yalitafunwa mpaka mabua. Mama akamtania kwamba labda anakwenda kuwafundisha ngedere kula kwa ustaarabu. Baba akatazama chini.

Ikaja Jumapili ya masika. Mvua ilishuka tangu mchana, ile mvua nene isiyo na upepo, na juu ya paa la nyasi inasikika kama pumzi za mtu aliyelala. Baba alichukua jembe lake na kutoka hivyo hivyo. Bibi akaingia ndani kwetu, tukakaa karibu karibu, moshi wa kuni mbichi, harufu ya mahindi ya kuchoma, na redio katikati. Mama akanituma nikatege debe chini ya mchirizi wa nyuma.

Nilizunguka nyumba, nikamkuta baba. Alikuwa amekaa juu ya kinu kilichopinduliwa, chini ya upenu, magoti yamelowa, sikio limebanwa ukutani. Jembe lilikuwa kavu, halina hata chembe ya udongo. Na pale alipoegemea, ukuta ulikuwa umelainika na kung'aa, kama mlango unavyong'aa mahali mikono inapoushika kila siku. Alikuwa ameng'ata kofia yake. Aliponiona akaweka kidole mdomoni.

Nilisimama na debe langu, sijui nicheke au nikimbie. Ndani Mzee Sijaona alikuwa anawaeleza polisi kwamba mbuzi waliyemkuta chini ya kitanda chake ni mgonjwa, ameletwa kupumzika. Mbuzi akalia. Mzee akasema, mnasikia wenyewe, homa hiyo. Kofia ikamtoka baba kinywani, akacheka. Jamani, alicheka! Kicheko cha miezi mingi kilitoka kwa pamoja, kikapita ukuta, kikapita mvua.

Ndani vicheko vikakatika. Redio iliendelea peke yake. Kisha nikamsikia Bibi anainuka, nikamwona anapita mbio kwenda kwake, kanga imemfunika kichwa chote, mvua inampiga. Baba alijishika uso kwa mikono miwili. Mama alikuja, akatutazama, akarudi ndani.

Asubuhi yake nilipompelekea Bibi uji, nilikuta furushi limefungwa. Chungu kimo ndani, fimbo iko mkononi. Alinikalisha akasema polepole, macho yakiwa mlangoni:

"Mwambie mama yako nakwenda zangu. Nimemtoa mwanamume nyumbani kwake, nimemkalisha kwenye mvua kama mbwa. Nami nilikuwa nacheka."

Nilikimbia. Nilimwambia mama, na mama akaketi pale pale chini penye majivu. Baba alikuwa mlangoni, amesikia, lakini safari hii hakungoja nimfikie. Aliingia ndani akatoka na panga na sururu. Mimi nikapiga ukelele, maana mtoto hufikiri mabaya kwanza. Kumbe alikwenda kwenye ukuta wa nyuma, pale palipong'aa, akaanza kuutoboa. Udongo uliruka, fito zikakatika, mpaka likatokea dirisha dogo, la kutosha redio na si zaidi. Kisha akakata miti, akasimamisha kibanda upande wa nje, upande wa Bibi, akakiezeka kwa nyasi mbichi, akaweka kigoda chini yake. Redio akaiweka katikati ya lile tundu, nusu ndani na nusu nje. Muda wote huo Bibi alikuwa amesimama mlangoni kwake na furushi kichwani, na watu wa mstari mzima wametoka kutazama.

Baba alipomaliza alirudi ndani, ambako haonekani, akaniita.

"Mwambie bibi yako, mimi sikufukuzwa na mtu. Ila nyumba hii tangu aanze kucheka imekuwa nyumba. Mwambie akienda, redio hii naitupa korongoni."

Nikazunguka. Nilifika kwa Bibi nahema, nikayasema yote, hata ya korongoni. Alinisikiliza kana kwamba ndiyo kwanza anayasikia. Alikikagua kile kibanda mpaka shingo yangu ikauma kwa kumtazama. Kisha akatua furushi.

"Mwambie baba yako," akasema, "nyasi amezipanga vibaya, patavuja."

Nilidhani anamtukana. Nilipomfikishia, baba alikaa juu ya kitanda akalia, nami nikashangaa mtu anavyolizwa na nyasi. Tangu Jumapili iliyofuata walisikiliza pamoja, yeye ndani, Bibi kibandani, na ukuta katikati. Baba akicheka, Bibi anakaa kidogo, halafu anacheka. Bibi akitangulia, baba anasubiri zamu yake. Mimi na mama tulikuwa tukicheka vicheko vyao, Mzee Sijaona mwenyewe tukamsahau.

Bibi hakurudi Kwemkuyu. Aliishi kule nyuma miaka mingi, mpaka nikaolewa huku Korogwe. Alipougua kwa mara ya mwisho nilipanda basi nikaenda. Ilikuwa alasiri tulivu, jua limelala ukutani. Mama alikuwa anampepea. Baba, mvi zimemjaa, alikuwa amekaa nje chini ya dirisha la Bibi, maana hata siku ile hakuingia. Bibi alifumbua macho, akanitafuta, akasema kwa sauti isiyozidi pumzi:

"Mwambie baba yako nimekaa vizuri."

Nikainuka, kama nilivyokuwa nikiinuka tangu utotoni, nizunguke nyumba nimfikishie. Nilikuwa sijafika mlangoni. Kutoka nje, bila kungoja, baba alisema:

"Nimesikia, mama."

Mama aliacha kupepea. Kwa miaka yote ile baba hakuwahi kumwambia neno bila kupitia kwangu, wala yeye kumjibu. Nilimtazama Bibi nikihofia haya itammaliza kabla ya ugonjwa. Alikuwa anatabasamu. Akapapasa ukingo wa kitanda akaniambia nikae.

"Leo huna kazi, mwanangu."

Nilikaa. Ndipo nilipoelewa kwamba hawakuwahi kuhitaji mtu wa kupeleka maneno. Walikuwa wakisikiana tangu siku ya kwanza, kila neno, kila kukohoa. Walichohitaji ni mtu wa kupita katikati ili wapendane bila kuoneana aibu, nami nikawa ukuta wao, ukuta wenye miguu, nazunguka nyumba mbio nikidhani wazee wangu ni viziwi. Nililia pale kitandani kwa uchungu na kwa furaha pia, na nje nikamsikia baba anakohoa, kama mtu anayetaka kupita.