Upepo wa Kisiwani, Vumbi la Dowa

Nilipokuwa na kiduka changu cha kushona kule Kauma, Lilongwe, wateja wakisikia nimezaliwa kisiwani waliniuliza kama maji yetu hupwa na kujaa kila siku, kama ya baharini. Nilicheka. Kisiwa chetu kidogo kiko ndani ya Ziwa Kivu. Maji hupanda mvua zikikolea, hushuka kiangazi kikiingia, basi.

Lakini bazungu walikipenda. Mbelgiji mmoja alijenga pale nyumba ya wageni, na ngazi za mawe zinazoshuka mpaka ziwani. Akaondoka. Akaja mkubwa mmoja wa mjini, akaipaka rangi, naye akaondoka. Wakaja askari, wakalala vitandani na viatu, wakachoma viti kupikia. Kila maji yalipomeza ngazi za chini, watu walisema kisiwa kimekwisha. Kimekwisha wapi! Wageni walirudi tena wikendi kutoka Bukavu. Na mabwana wote hao, mashuka yao aliyafua mama yangu.

Mama alikuwa na sheria moja. Asubuhi upepo hutoka milimani. Adhuhuri hugeuka, ukatoka ziwani, safi, hauna vumbi. Ukigeuka, anika. Tulipokimbia vita alikuja na sheria hiyo mpaka hapa kambini Dzaleka, wilaya ya Dowa, Malawi. Nikimwambia upepo wa huku ni mwingine, anakuja juu: "Ya huku sitaki kujua! Mi niko njiani, mi narudi kwetu." Miaka yote hiyo yuko njiani. Kwake, kuujua upepo wa Dowa kulikuwa kukubali kwamba haturudi.

Halafu ikatoka amri: wakimbizi wa mjini warudi kambini. Nilifunga kiduka. Cherehani niliibeba kichwani mwenyewe, na sikulia, nisiwape raha waliosimama kutazama. Wateja wa Lilongwe wakaniacha, isipokuwa bibi harusi mmoja Mmalawi. Alisema atalifuata gauni lake Dzaleka Ijumaa, na likimpendeza ataleta dada zake. Kazi yangu yote ikategemea gauni lile.

Alhamisi nilienda sokoni kutafuta vifungo. Huku nyuma mama akaona gauni lina doa la mafuta ya cherehani, akalifua. Adhuhuri upepo ukageuka, naye akalianika uani. Niliporudi, vumbi lilikuwa limelipaka lote, jekundu kama tofali.

Nilipiga kelele mpaka majirani wakatoka. "Mama, umeniua! Hapa hakuna ziwa! Utakubali lini?"

Mama alichukua ndoo, akaenda kupanga foleni bombani. Akafua kwa sabuni na ndimu, akamwaga maji mekundu, akarudi tena bombani. Nilikuwa na hasira naye, na nilimwonea huruma vilevile, ule mgongo wake umeinama juu ya beseni. Maji yalipotoka meupe, alitandaza gauni ndani, juu ya kitanda chake, akaketi mlangoni asipite mtu.

Ijumaa bibi harusi alilivaa, akazunguka mbele ya kioo changu kilichopasuka, akacheka kwa sauti. "Zikomo, mayi!" alimshukuru mama kwa Kichewa, akamshika mikono yote miwili. Dada zake, akasema, watakuja.

Alipoondoka, mama aliokota kipande cha kitambaa kilichobaki nilipokata gauni, akakifunga kwenye mti mrefu, akauchimbia katikati ya ua. Jirani yetu, mama wa Kinyarwanda mwenye mdomo, akamchokoza: "Eh, mama! Ndo kusema sasa unabaki na sisi?"

"Nyamaza, we! Siku ya kurudi ikifika, hii mti nitakuachia weye. Lakini mpaka ile siku, upepo ya huku haitanichafulia tena kazi ya mtoto wangu."

Kitambaa kikaanza kupepea. Mama akakitazama kwa muda, mikono kiunoni, halafu akanigeukia mimi.

"Haya, nifundishe. Hii ya leo inatokea wapi?"