Kucha Nne za Mwalimu Kirimi

Ningeukataa ule mkasi. Ningeurudisha mezani na kusema, "Mwenyekiti, kata mwenyewe." Lakini niliupokea. Nilikuwa katibu wa bodi ya shule yetu hapa Kanja, na Mwalimu Kirimi, aliyefundisha gitaa la klasiki na kuitungia kwaya nyimbo, alikuwa ameshtakiwa kwa jambo la kipumbavu: mkono wake wa kulia ulikuwa na kucha ndefu zinazong'aa. Wazazi walisema ni alama ya kuabudu shetani. Bodi ikaamua zikatwe mbele yetu. Nikakata nne, kuanzia gumba hadi kidole cha pete. Kile kidogo nilikiacha kwa sababu hakitumiki.

Nilijua hakitumiki. Mwalimu alikuwa ameshanieleza kwangu nyumbani, tukinywa chai, kwamba mpigaji wa gitaa lile hupiga nyuzi kwa kucha, na kucha ndizo sauti yake. Nilijua, nikanyamaza. Barua ya kumfukuza niliiandika mimi, ikasomwa kanisani, naye akarudi kwao Laare wiki ile ile. Binti yangu Wanja, mwanafunzi wake bora, alibaki na muhula mmoja kabla ya mtihani wa muziki wa kidato cha nne, bila mwalimu. Akaanguka.

Sasa ni zaidi ya miaka ishirini. Agosti hii mwenyekiti yule yule alikuja kwangu akitembea kwa mkongojo.

"Shule inafanya jubilii, Baba Wanja. Tunautaka wimbo wa Kirimi, ule wa mavuno. Nota zilipotea. Nenda ukamwombe."

"Na yeye mwenyewe mmemwalika?"

"Tunataka wimbo. Mambo ya mtu tuyaache."

Mambo ya mtu tuyaache! Nilitaka kumfukuza uani kwangu. Nikakubali kwenda, lakini kwa haja yangu: nilitaka kuomba msamaha kabla sijafa.

Embu mjini, saa tatu asubuhi. Sikutaka kwenda mikono mitupu, nikaingia duka la vyombo vya muziki. Kijana wa dukani akanitazama kuanzia kofia mpaka viatu.

"Guka, babu yangu, unaanzisha bendi?"

"Nataka nyuzi za gitaa."

"Za chuma?"

"Za nailoni," nikasema. "Gitaa la klasiki halivai chuma."

Akapiga mluzi. "Aisee, guka anajua!"

Maneno yale yalinichoma njia nzima, kuanzia Runyenjes hadi ng'ambo ya Chuka, mashamba ya chai yakipita dirishani.

Meru mjini, saa saba. Wanja hufundisha shule ya msingi hapo. Kila Krismasi huja nyumbani na sukari na majani ya chai, na kuniuliza habari za presha. Gitaa hatujalitaja tangu mtihani ule. Nilipita kwake, nikakuta kufuli. Jirani akaniambia amesafiri, shule zimefungwa. Nikala nyama kwenye bucha ya Mwislamu mmoja, nikaendelea.

Laare, saa kumi. Soko lilikuwa limejaa wafungaji wa miraa na pikipiki za wanunuzi, kila mtu akikimbiza mzigo usinyauke. Nilimwuliza mwenye boda boda kama anamjua Mwalimu Kirimi. "Nyumba ya gitaa? Panda, mzee." Akanishusha kwenye stoo ya mabati. Ndani gitaa lilikuwa likilia, taratibu kwanza, kisha kama watu wengi wanaoimba pamoja shambani. Ulikuwa ule wimbo wa mavuno. Mama mmoja alikuwa ameketi kizingitini, akifunga miraa kwa majani ya mgomba.

"Muga, mzee," akanisalimu kwa Kimeru. "Ngoja amalize. Hapa hatuingii katikati."

Nikangoja. "Mwalimu bado ana mkono," nikamwambia.

Mama akacheka. "Mwalimu gani? Vidole vyake vililiwa na baridi yabisi. Huyo ni Wanja wa Embu. Huja kila likizo."

Nikasukuma mlango. Gitaa likanyamaza. Alikuwa binti yangu. Niliutazama mkono wake wa kulia, na kucha zilikuwa ndefu. Mkono ule hunimenyea viazi kila Krismasi, na sikuwahi kuuangalia.

Kirimi, mwembamba, mvi kichwa kizima, hakuinuka kitini. "Katibu! Umekuja na mkasi?"

"Nimekuja na nyuzi, Mwalimu."

Akazigeuzageuza. "Nailoni. Kumbe siku ile nilipokueleza ulisikia."

"Nilisikia."

"Basi wewe ni mbaya kuliko wao."

Nikamwomba msamaha, nikamweleza kwamba shule inautaka wimbo wake. Aliniambia bila kupandisha sauti kwamba kucha ziliota tena, lakini kazi haikuota. Kila shule aliyoomba ilikuwa imeshasikia habari za shetani. Amefundisha na kutunga katika stoo ile hadi leo, na wanafunzi wake wanapiga gitaa hadi Nairobi. Kuhusu wimbo alisema, "Ile barua ilisomwa kanisani. Waandike nyingine, isomwe pale pale. Kisha waje wachukue."

Nikamgeukia Wanja. "Endelea, mama. Nipigie kidogo tu."

Alikuwa ameshalitia gitaa mkobani. "Karibu chai, Baba."

"Nilikosea, Wanja."

"Najua. Nilikuwa nje ya dirisha la ofisi. Nilikuona ukivichagua vidole." Akanimiminia chai, akaweka sukari kipimo changu bila kuuliza. "Nitakupikia. Ukiugua nitakuuguza. Kupiga, hapana."

Kanja, kesho yake. Mwenyekiti alinisikiliza, kisha akaguna. "Tuombe radhi kwa ajili ya kucha? Wimbo wake abaki nao, tutatumia kinanda." Wajumbe wengine wa bodi wakamwunga mkono, watu wazima waliobatizwa!

Basi barua naiandika mimi, na ndiyo hii mnayoisoma, watu wa Kanja. Mwalimu Kirimi hakuwa na shetani. Alikuwa na ufundi ambao hatukuwa nao, nasi tukamwaibisha. Mwenyekiti ana kisingizio cha kutojua. Mimi sina, na safari hii imenifundisha hivyo.

Kuupokea mkasi ule kumenigharimu hivi: binti yangu ni mpigaji hodari wa gitaa, wafungaji wa miraa wa Laare humsikiliza kila likizo, na mimi baba yake hatanipigia kamwe.