Kisu Nilichobeba Kujilinda

Naitwa Tausi. Ni fundi cherehani, kibaraza changu kiko Mwanga, nyumbani ni Kasingirima. Kovu hili mnaloliona kwenye vidole sikulipata kwa mwizi. Nilijikata mwenyewe, na nusura nimuue mtu niliyempenda kama dada.

Zamani nilikuwa mtu wa kutembea. Jioni nikifunga kazi, mimi na Asteria, rafiki yangu aliyekuwa akiuza vitenge duka la jirani, tulirudi kwa miguu tukicheka njia nzima. Asteria ni mtu wa Kasulu, mrefu, sauti yake unaisikia kabla hujamwona. Akinikuta nimeinama kwenye cherehani alikuwa ananiziba macho kwa nyuma, anauliza, "Nani?" Nami namtajia jina la kila mtu isipokuwa lake.

Siku moja hakuja kazini, nikarudi peke yangu. Nilipofika Rusimbi pikipiki ikanipita karibu sana, aliyepakiwa akaukamata mkoba wangu. Kamba ilikuwa imezunguka mkononi, nikaburutwa. Magoti yakachunika, jino likang'oka.

Vidonda vile vilipona upesi. Ila tangu siku hiyo, nikisikia pikipiki nyuma yangu moyo ulidunda mpaka masikioni, viganja vikilowa jasho. Sikumwambia mtu. Nilinunua kisu cha kukunja, nikawa natembea nacho kwenye mfuko wa gauni, kila baada ya muda nakigusa.

Asteria alikiona. "Shoga, hiki cha nini?"

"Cha kujilinda."

"Na wakikunyang'anya?"

Nilikirudisha mfukoni, nikainamia cherehani.

Ilikuwa saa nne asubuhi, mvua imetoka kukatika. Nimesimama mlangoni pa kibaraza, nawaza nguo ya mteja. Mikono ikanifunika uso kwa nyuma. Sikufikiri. Nilichomoa kisu, nikakifungua, nikageuka nacho. Ncha ilichana blauzi ya Asteria ubavuni, ikaikosa ngozi, ikagonga fremu ya mlango. Kisu kikajikunja, makali yakafunga juu ya vidole vyangu.

Mwanzoni sikusikia maumivu. Niliona damu, na ndani ya jeraha kitu cheupe kinang'aa. Nikajaribu kukunja vidole. Viwili vikagoma. Asteria alishika blauzi yake pale ilipochanika, akanitazama. Kisha akavua kilemba chake, akanifunga mkono, akanipeleka hospitali.

"Kano mbili za kukunjia vidole zimekatika," daktari alisema. "Tutazishona."

"Nitarudi kwenye cherehani?"

"Tupone kwanza, mama."

Siku ya tano mkono ulivimba, ukawa wa moto. Usaha ulitoka na harufu iliyonifanya nigeuzie uso ukutani. Homa ikanitetemesha. Nikarudishwa chumba cha upasuaji, wakafungua na kusafisha upya. Mama alinilisha kwa kijiko, akanisaidia mpaka chooni. Nililala pale nikitamani vitu vidogo: kutunga uzi kwenye sindano, kufunga kifungo, kusikia kitenge kikiteleza chini ya vidole vyangu. Zaidi ya vyote nilitamani kusikia sauti ya Asteria ikija kwenye korido.

Alikuja mara moja. Aliweka chupa ya uji mezani, akasimama mbali, upande wa miguu yangu.

"Ungeniua, Tausi."

"Sikujua ni wewe."

"Hilo ndilo linalonitisha."

Nilipoanza mazoezi ya mkono, mtaalamu mmoja wa mazoezi hayo aliniuliza ninaogopa nini hata nikatembea na kisu. Kwa mara ya kwanza nikasimulia habari ya pikipiki. Nililia mpaka nikakosa pumzi. Hakuniharakisha. Nilirudi kwake wiki nyingi, kwa ajili ya vidole na kwa ajili ya hofu pia.

Alasiri mama yangu alikuwa akinipeleka Ujiji, ufukweni, nikaminya mchanga wenye maji. Nikichoka ananiambia kwa Kiha, "Mwana wanje," yaani mwanangu, "kunja tena." Nikakunja. Miezi ilipita ndipo nikaweza kushona mshono mmoja ulionyooka. Kidole cha kati mpaka leo hakifiki kiganjani, lakini nafanya kazi.

Asteria alikuwa ameshahama, amerudi Kasulu. Nilimpigia, nikamwomba radhi.

"Nimekusamehe kweli," aliniambia. "Ila mwili wangu bado unakuogopa. Nipe muda."

Namshukuru Mungu, namshukuru mama na wote walionihudumia. Nawe uliyewahi kuvamiwa, sikulaumu kwa kutaka kujilinda, wezi wapo. Lakini mwambie mtu hofu yako mapema, tembea na mwenzako, tibiwa. Mimi niliificha mfukoni, ikamwangukia asiyestahili.

Jioni hizi narudi nyumbani na mafundi wenzangu, tunapiga soga vizuri tu. Bado upande wangu wa kushoto, alikozoea kutembea Asteria, namwachia nafasi.