Bukari ya Jioni na Mbio za Farasi

Mwanangu, kuna siku moja ya ujana wangu ambayo wiki hii inanirudia kila nikifumba macho. Mama yako ameniambia umeacha bukari, ugali wetu wa jioni, ili uwe mwepesi juu ya farasi, kwa zile mbio ndefu za kutwa nzima. Tangu hapo silali vizuri. Mimi si mutu wa masomo mengi, na huenda nimesahau mengine, lakini acha nikuambie nilichokiona.

Nilikuwa nimezoea kinga, baiskeli yetu, kupeleka samaki kutoka ziwani Kabuta hadi bara. Kisha nikapata kazi ya kutunza farasi kwenye shamba moja, njia ya Mansa. Mkubwa wetu alikuwa Ba Chola, mutu wa maneno machache. Kabla ya mbio aliniuliza nani apande yupi. Tulikuwa na dume mnene, na jike niliyempenda, Sifa, ambaye alikuwa ametoka kuugua na mbavu zake zilionekana. Wapandaji walikuwa Mwansa, mwanaume wa mwili mkubwa, na Bupe, msichana mwembamba kama unavyotaka kuwa.

Nilijibu kama mutu wa kinga. Tairi likichoka, unapunguza samaki. Basi Bupe ampande Sifa, nikasema, hata hatasikia uzito. Ba Chola alizitazama mbavu zile, akaniachia niamue, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa namlisha Sifa.

Asubuhi watu walimcheka Mwansa, wakimuuliza kati yake na farasi nani anambeba mwenzake. Lakini mchana, kwenye kituo cha kupima mapigo ya moyo wa farasi, alifika kwa miguu, hatamu mkononi. Kila penye mlima alikuwa anashuka, anatembea kando ya farasi. Farasi wake akanywa, moyo ukatulia, wakaruhusiwa kuendelea.

Sifa alikuja nyuma, anatetemeka. Tulimmwagia maji, tukangoja, mapigo ya moyo yakakataa kushuka. Bupe naye alikuwa hajala tangu jana yake, kwa vile nilivyousifu wepesi wake. Mwishoni alikuwa akiyumba kwenye tandiko kama kapu la samaki lililofungwa vibaya, na farasi alibeba kuyumba kule kote. Alikaa chini, analia kwamba Sifa atakufa. Nami niliona hivyo hivyo.

Ba Chola aliweka sikio ubavuni, akasikiliza.

“Mutoto,” akaniambia polepole, “kinga haina nyama. Huyu, nguvu ya njia anaila kutoka mwili wake. Ulipima mutu, farasi haukumupima.”

Jua lilikuwa limeinama Sifa aliposhusha kichwa kwenye ndoo, akanywa. Alipona, ila mbio ndefu hakukimbia tena.

Nisikudanganye: uzito ni kitu. Mwansa angempanda Sifa siku ile, labda tungemzika. Labda pia joto lilichangia; mpaka leo sina hakika. Wakikuambia farasi huyu ni mdogo kwako, kubali, omba mkubwa zaidi. Lakini kwanza mpapase mbavu, mtazame miguu. Kaa katikati, usiyumbe. Kwenye mlima shuka, mtembee pamoja. Na usimbebeshe njaa yako, ana kazi ya kutosha.

Leo jioni kula, mwanangu. Mungu akuongoze njia yote, akurudishe wewe na farasi wako wazima, wote wawili mkitafuta chakula.