Ukurasa wa Wino wa Buluu

Muuza vitabu wa gulio letu la Jumapili, hapa Montevideo, hufanya kila kitu kwa mkono mmoja, maana kwapa la kushoto limebana chupa ya chai kutwa nzima, kana kwamba sote ni wezi. Hulamba kidole gumba, hufunua kitabu chako kwa nyuma, hukinusa, ndipo akubali kubadilishana: viwili vyako kwa kimoja chake. Sijawahi kumwamini. Vitabu vya hadithi za joka Mirún nilivipata kwake vyote saba utotoni, mwaka baada ya mwaka, na kile cha saba nilikikuta ukurasa wa mwisho umeandikwa kwa mkono, kwa wino wa buluu. "Ulichanika, binti. Nimeunakili," alisema, akitazama pembeni. Humo joka alirudi mlimani kwake akiwa mzima. Nililia kwa furaha, ila nikajiuliza: anayenakili tu, mbona akate maneno na kuandika mengine juu yake, kama humu?

Jumapili iliyopita, nikiwa na miaka thelathini na minne, nilimpelekea nakala mpya ya kitabu hicho cha saba, niliyoinunua dukani. "Mzee, ulinidanganya. Mirún anakufa."

"Anakufa?"

Kwa mara ya kwanza nikamwona akiweka chupa chini. Alikishika kitabu kwa mikono miwili, akausoma ukurasa wa mwisho mara mbili huku midomo ikimcheza. Kisha akakinusa, akanirudishia.

"Pole, mwanangu," akasema. "Wamekuuzia bandia."