Bibi wa Usagara na Mdomo Uliofungwa

Evelina alikuwa muongeaji, tena wa kupindukia. Kule Usagara watu walimsikia kabla hawajamwona. Akikata viazi vya kuanika, anaongea na viazi. Akifukuza kuku, anamwuliza kuku maswali kisha anamjibia mwenyewe. Watoto wake wote walijifunza kusema wakiwa mgongoni mwake, kwa Kisukuma kilichonyooka, na hakuna aliyechelewa.

Sasa sikia mambo ya mjini Mwanza. Mwanawe Luhende, fundi wa majokofu pale Buzuruga, alimleta amlelee binti yake mchanga, Rose, kwa sababu mkewe Odeta alikuwa anashinda Mirongo akiuza vitambaa dukani. Alimpokea mama yake vizuri, na soda juu, kisha akatoa sharti.

"Mama, naomba Rose usimwongeleshe Kisukuma. Mimi Msukuma, Odeta Mhaya, mtoto atachanganyikiwa. Tumekubaliana Kiswahili tu, asije akapata shida chekechea."

Evelina akaitikia, angefanyaje? Ila Kiswahili chake kilikuwa cha gulioni, cha salamu na kuuliza bei. Siku aliposema "rete sahani", binti wa jirani alicheka mpaka akaegemea ukuta. Aibu ilimwingia bibi wa watu. Tangu hapo akawa anamwogesha mjukuu kimya, anamlisha kimya, anambeba kimya, na televisheni ndiyo inayoongea kutwa nzima. Jioni wazazi wanarudi hoi, mtoto anasinzia.

Rose akakaribia miaka mitatu bila neno. Akitaka kitu anavuta gauni, ananyoosha kidole, analia. Majirani hawakukosa la kusema. Huyu anasema mtoto akatwe kilimi, Mungu apishe mbali, yule anasema amerogwa. Odeta alikuwa akimkalisha mapajani na kumbembeleza, "Sema mama. Ma-ma." Rose anamtazama tu usoni. Evelina aliyaona hayo na moyo ukamuuma, maana alijua ndani kabisa kwamba kuna kitu hakiendi sawa, na mtoto anashinda mikononi mwake yeye.

Wakaenda hospitali, wote wanne. Masikio yakapimwa, mazima. Wakapelekwa kwa mtaalamu wa kuwasaidia watoto kusema, dada mmoja mzaliwa wa Mwanza aitwaye Krupa. Akamwamkia Evelina, "Shikamoo bibi," kisha akauliza mtoto anashinda na nani.

"Na mimi," akajibu Evelina.

"Mnaongea nini mchana kutwa?"

Evelina akamtazama mwanawe, akatazama sakafu. "Hatuongei, mwanangu. Nimekatazwa lugha yangu, na hiyo nyingine siiwezi."

Krupa hakumgombeza mtu. Alieleza kwamba mtoto hujifunza kusema kwa kuongeleshwa, na kwamba lugha mbili hazimchanganyi. Yeye mwenyewe alikua na Kigujarati nyumbani na Kiswahili barabarani. "Bibi, ongea naye ile unayoiweza. Akitazama kitu, kitaje. Halafu subiri, mpe nafasi ajibu, hata kwa mguno. Televisheni zimeni, na mumrudishe nimwone."

Luhende, fundi mzima, alishikwa na haya akawa anakuna kichwa. "Nisamehe mama, nilidhani nafanya la maana."

Evelina hakungoja hata wafike nyumbani. Kisukuma kilimwagika pale pale getini: gari hili, mbuzi yule, ziwa lile linavyong'aa, mwanamke yule na kapu lake la dagaa. Rose alimkodolea macho. Bibi huyu alikuwa na sauti kumbe! Nyumbani ikawa ni hivyo hivyo kuanzia chai. Bibi anataja, anasubiri, mtoto anaguna, bibi anashangilia kama timu yake imefunga.

Ikatokea asubuhi moja Rose akashika kikombe kitupu na kusema, "Minzi." Maji! Evelina alitoka mbio na khanga inaburuza, akamwita yule binti wa jirani aje asikie kwa masikio yake. Baada ya maji akaja ngoko, yaani kuku, na baada ya kuku maneno yakawa yanafukuzana. Luhende akawa anapiga simu nyumbani katikati ya kazi ili amsikie mtoto akisema neno lolote.

Odeta alifurahi, nani asifurahi? Lakini furaha yake ilikuwa na mwiba. Kuku ameshaitwa, mbuzi ameshaitwa, yeye aliyemzaa bado. Hakulisema hilo, ila Evelina aliliona, na kila jioni miguu ya Odeta iliposikika uchochoroni alimwonyesha Rose mlango kwa kidole na kulitaja neno, kisha akasubiri.

Jioni moja Odeta aliingia na mfuko wa nyanya, kachoka. Nyuma ya pazia sauti ndogo ikaita, "Mayu!"

Mwanza nzima inajua kwamba mayu ni mama. Wauza samaki humwita Odeta hivyo kila siku, kwa hiyo aligeuka kutazama nje, akidhani ni mchuuzi.

"Siyo huko," akasema Evelina. "Mwanao anakuita."

Nyanya zikaanguka zikatawanyika. Odeta akaketi pale pale kizingitini na nguo zake za kazi, machozi yanamtoka na hayafuti. "Abee, mwanangu," akaitika. "Niite tena."

Rose akaita tena. Odeta akaitika tena. Wakaendelea hivyo mpaka giza likaingia, na chakula kilipikwa na Luhende.